Nyama isiyoiva, tegu na kifafa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara vijijini Dodoma

Haya ni maswali yanayorudi kila mara buchani, mnadani, kliniki ya wajawazito, na kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akishauliza "kuna lingine?" Yameanza na ya kawaida, yakaishia na yale yanayowahusu watu wachache. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, utaelekezwa namba ya swali. Mwenye haraka asome la 5 na la 6 kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapokosea, wasomi wakiwemo.

## Mambo ya msingi

1. Nyama isiyoiva inaleta minyoo gani hasa?

Kwa huku kanda ya kati wanaotusumbua zaidi ni tegu wawili: tegu wa ng'ombe na tegu wa nguruwe. Wote huishi kwenye utumbo mwembamba wa binadamu, na wote humfikia kupitia nyama yenye vifuko vidogo vya lava, yaani watoto wa tegu. Wa tatu ni toksoplasma, kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoweza kukaa kwenye nyama ya mbuzi, kondoo, nguruwe na hata kuku (swali la 21). Wa nne ni trikinela, ambaye ni wa wanyamapori zaidi (swali la 22).

Wapo pia minyoo unaowaona kwa macho kwenye maini au matumbo ya mnyama lakini hawamwambukizi anayekula. Hao wako swali la 13.

2. Tegu anaingiaje kwenye nyama? Ng'ombe si anakula majani tu?

Anaingia kwa kinyesi cha binadamu. Mtu mwenye tegu akijisaidia porini huacha vipande vya mnyoo vilivyojaa mayai, na kipande kimoja kilichokomaa hubeba maelfu kwa maelfu. Ng'ombe huyameza pamoja na majani au maji ya lambo. Nguruwe hana haja ya kusubiri majani, yeye anakula kinyesi chenyewe. Yai likifika tumboni hupasuka, lava hupenya ukuta wa utumbo, hubebwa na damu hadi kwenye misuli na kutulia humo ndani ya kifuko. Baada ya miezi miwili au mitatu kifuko kimekomaa.

Tegu hawa wawili hawana mahali pengine pa kukulia na kutaga isipokuwa tumboni mwa binadamu. Kwa hiyo nguruwe wa kijijini akikutwa na vifuko, usimlaumu nguruwe. Kuna mtu jirani hapo ana tegu na hana choo, au choo anacho ila amekigeuza stoo ya majembe.

3. Nitajuaje kama nina tegu?

Mara nyingi hutajua kwa maumivu. Wengine husikia tumbo kuvuruga, kichefuchefu au njaa isiyoeleweka, lakini wengi hukaa na tegu miaka bila kusikia chochote. Dalili ya uhakika ni vipande vyeupe, bapa, vyenye urefu wa sentimita moja au mbili, vinavyoonekana kwenye choo kikubwa au kwenye nguo ya ndani. Vya tegu wa ng'ombe vinaweza kutambaa vyenyewe na kutoka hata usipokwenda chooni. Ndiyo maana mwenye tegu wa ng'ombe huja zahanati kwa mshtuko, na mwenye tegu wa nguruwe huchelewa, kwa sababu vipande vyake hutoka kimya pamoja na kinyesi.

Tangu kula nyama hadi vipande kuanza kuonekana hupita miezi miwili hadi mitatu. Wakati huo tegu wa nguruwe huwa na urefu wa mita kadhaa. Wa ng'ombe huweza kuzidi hata mita 5.

Vipimo vya choo husaidia, lakini mayai hayatoki kila siku, hivyo jibu la "hakuna kitu" kwa sampuli moja lisikufunge mdomo kama umeviona vipande kwa macho yako. Kichukue kipande, kitie kwenye kichupa chenye mfuniko, kipeleke. Mtaalamu wa maabara hatakucheka.

4. Kati ya tegu wa ng'ombe na wa nguruwe, yupi wa kuogopwa?

Wa nguruwe, na tofauti yao ni kubwa mno. Tegu wa ng'ombe anaishia tumboni, ni kero. Mayai yake hayamdhuru binadamu. Mayai ya tegu wa nguruwe yanaweza kuota ndani ya mwili wa mtu, ikiwemo kwenye ubongo na macho.

## Kifafa

5. Ni kweli nyama ya nguruwe inaleta kifafa?

Si kwa njia ambayo watu wanadhani. Kuna njia mbili na zinachanganywa kila siku.

Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko, unapata tegu tumboni. Tumboni tu. Kifuko ulichokimeza hakiendi kichwani.

Ukimeza mayai ya tegu huyo, yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, mwili wako unageuka kuwa kama wa nguruwe: lava wanatoka utumboni, wanasafiri na damu na kujenga vifuko kwenye misuli, chini ya ngozi, kwenye jicho au ubongoni. Vya ubongoni ndivyo vinavyoleta kifafa, maumivu makali ya kichwa, na wakati mwingine upofu au kifo. Mayai huingia kwa mikono isiyonawiwa, maji machafu, na mboga au matunda yaliyoguswa na kinyesi.

Kwa hiyo mla kitimoto isiyoiva anajiletea tegu, na huyo tegu ndiye anayewaletea kifafa watu wa nyumbani kwake, hasa anaowapikia na kuwalisha. Na yeye mwenyewe asijione salama, kwani mkono uliotoka chooni ni huohuo unaomega ugali.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika maeneo mengi ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, takriban asilimia 30 ya kifafa husababishwa na tegu huyu, na katika jamii zilizo kwenye hatari kubwa inaweza kufika asilimia 70. Mwaka 2010 ugonjwa huu uliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

6. Sisi ni Waislamu (au Wasabato), nguruwe hatuli kabisa. Hili linatuhusu?

Linawahusu. Swali hili huulizwa sana upande wa Kondoa na Chemba, na huulizwa kwa kujiamini. Asiyekula nguruwe hapati tegu wa nguruwe tumboni, hilo ni kweli. Lakini vifuko vya ubongoni havitokani na kula nguruwe. Vinatokana na kumeza mayai (swali la 5), na mayai hayaulizi dini. Jirani mmoja mwenye tegu, au mpishi wa kwenye mgahawa wa stendi, anatosha.

Mfano unaojulikana sana unatoka New York, Marekani. Mwaka 1992 madaktari waliandika kuhusu Wayahudi wa madhehebu yenye msimamo mkali, watu ambao nguruwe hawamgusi, walioanza kuanguka kifafa na kukutwa na vifuko vya tegu ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye ugonjwa huu na waliokuwa wakiwapikia.

7. Je, kifafa chote ni cha tegu? Na kinaambukiza mtu akikugusia povu?

Hapana kwa yote mawili. Kifafa kinaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, kurithi, na wakati mwingine chanzo hakijulikani. Kifafa kinachoanza ukubwani, kwa mtu ambaye hakuwahi kuanguka utotoni, kwenye kijiji chenye nguruwe wa kuzurura, ndicho kinachopaswa kumfanya daktari amfikirie tegu mapema. Vifuko vinaweza kukaa ubongoni miaka kadhaa kabla mtu hajaanguka mara ya kwanza.

Povu ni mate. Haliambukizi, wala mkojo, wala pumzi. Imani hiyo imewaunguza watu wengi, kwa sababu mtu anaangukia kwenye mafiga na waliomzunguka wanaogopa kumvuta.

8. Mtu akianguka tufanye nini, na tumpeleke wapi?

Muondoe penye moto, maji au mawe. Mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa. Usimwekee kijiko mdomoni, usimkandamize, usimpe maji wala dawa ya kunywa kabla hajazinduka vizuri. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni dharura.

Baadaye aende zahanati au kituo cha afya. Dawa za kuzuia kifafa kama fenobabito hutolewa hata kwenye vituo vya ngazi ya chini, na huzuia kuanguka kwa wagonjwa wengi wakizimeza kila siku. Zisikatishwe ghafla kwa sababu "amepona". Kuona vifuko vya ubongoni kunahitaji kipimo cha CT au MRI (mashine zinazopiga picha ya ndani ya kichwa), ambacho kwa Dodoma kinapatikana hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa. Ni safari na ni gharama, na familia nyingi hazifiki. Kutofika huko kusiwe sababu ya kumwacha mgonjwa bila dawa za kifafa.

Onyo moja: mtu anayeanguka asipewe dawa ya tegu kwa kubahatisha. Vifuko vikifa kwa ghafla ubongo huvimba, na hali inaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo. Kazi hiyo ni ya hospitali, ambako hupewa pamoja na dawa za kupunguza uvimbe.

## Jikoni na kwenye choma

9. Nyama iive kiasi gani ndiyo iwe salama?

Kwa kipimajoto, mnofu mzima ufike nyuzi 63 za Selsiasi katikati yake, kisha uachwe dakika 3 kabla ya kukatwa. Nyama ya kusaga ifike 71. Lakini nani ana kipimajoto cha nyama Kongwa? Tumia macho na kisu: katikati pasiwe na wekundu, maji yanayotoka yawe meupe si ya damu, na nyama iachie mfupa.

Nyama ya kuchemsha kwenye sufuria haina shida, ikitokota saa nzima imeshapita mbali. Shida ni choma. Tazama paja la nguruwe linapogeuzwa juu ya makaa makali: ngozi inapasuka na kuwa nyeusi, mafuta yanadondoka na kuwasha ndimi za moto, harufu inawaita watu, na mchomaji anaanza kukata. Vipande vya juu vimeiva. Kisu kinapokaribia mfupa rangi inageuka waridi, na ndipo mteja mlevi anaposema "hapo hapo, niletee ya mfupa." Dawa yake si kuongeza moto. Punguza makaa, pasua minofu minene kabla ya kuweka jikoni, na sehemu ya mfupa irudi jikoni ikae peke yake. Kitimoto iliyokatwa vipande vidogo ikachemshwa kwanza ndipo ikakaangwa, kwa maoni yangu, ndiyo salama kuliko zote zinazouzwa mitaani.

Angalia na kachumbari. Kisu kilichokata nyama mbichi kikikata nyanya bila kuoshwa, umewasha moto wa bure. Na nyanya zenyewe zioshwe kwa maji safi, kwa sababu iliyoelezwa swali la 5.

10. Ndimu, pilipili, chumvi, moshi au pombe vinaua tegu?

Haviui kwa namna ya kutegemewa. Ndimu inageuza rangi ya nyama juu juu. Pilipili inakuunguza wewe. Pombe inayofuatia nyama haimkuti tegu popote pa maana. Moshi wa kuning'iniza nyama juu ya jiko hauna joto la kutosha ndani. Chumvi nyingi iliyokolea inaweza kuua vifuko kwenye vipande vidogo, lakini kipimo na muda vinahitaji uangalifu ambao jikoni kwa kawaida haupo.

11. Nyama ya kukausha juani je? Na ya friza?

Jua la Dodoma ni kali, na nyama iliyokatwa nyembamba hukauka upesi. Bado, usiitafune hivyo hivyo. Ichemshe kama unavyochemsha nyama nyingine, na utakuwa umemaliza mjadala.

Friza inaua vifuko vya tegu wa nguruwe ikiwa na baridi ya kweli: siku 4 kwa nyuzi 5 chini ya sifuri, siku 3 kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Hapa pana mtego. Friza ya bucha inayofunguliwa kila dakika, na umeme unaokatika mchana kutwa, haikupi hizo siku. Nyama iliyolala usiku mmoja kwenye friji ni nyama mbichi.

12. Wafugaji wanakula figo na ini likiwa la moto, mnyama ametoka kuchinjwa, na wengine wanakunywa damu. Mbona wana afya?

Vifuko vya tegu wa ng'ombe hupenda misuli inayofanya kazi sana: moyo, ulimi, taya, bega na kiwambo cha tumbo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo). Ini na figo si makao yake makuu, hivyo kwa tegu peke yake hatari ni ndogo kuliko kula mnofu mbichi. Lakini toksoplasma na bakteria hawachagui kiungo, na damu na maziwa mabichi vinaweza kubeba brusela, ugonjwa wa homa za muda mrefu na maumivu ya viungo ambao mara nyingi hutibiwa kama malaria. Ukiwauliza wazee wenyewe, wengi watakuambia habari za homa zisizokwisha. Hawajaziunganisha tu na kikombe.

13. Tunaona vitu vya ajabu kwenye maini, mapafu na matumbo ya mbuzi. Tukila tutaugua?

Inategemea ni nini.

Minyoo bapa inayofanana na jani ndani ya mirija ya ini haiambukizi kwa kula ini. Mtu huipata kwa kula mimea ya majini au kunywa maji yenye viluwiluwi vyake. Ini lenyewe hutupwa kwa sababu limeharibika.

Mbuzi na kondoo mara nyingi huwa na malengelenge ya maji yakining'inia kwenye mafuta ya tumbo. Huyo ni tegu wa mbwa, na wa aina ile hakai kwa binadamu.

Vifuko vigumu vyenye maji kwenye mapafu au ini, vingine vikubwa kama yai, ndivyo vya kuheshimu. Ukila ini hilo hupati ugonjwa, lakini mbwa akilila anapata tegu mdogo sana ambaye mayai yake, yakitoka kwenye kinyesi cha mbwa hadi mdomoni mwa mtoto, huota vifuko kama hivyo kwenye ini au mapafu ya mtu, na kuviondoa mara nyingi ni upasuaji. Kwenye machinjio ya vijijini mapafu ndiyo wanarushiwa mbwa kwanza. Yachomwe moto au yafukiwe kina kirefu, hata kama mbwa wanalia.

## Kununua na kuchinja

14. Nitaitambuaje nyama yenye vifuko?

Katika nguruwe tafuta vipunje vya mviringo, vyeupe vinavyopitisha mwanga kidogo, ukubwa wa nusu sentimita hadi sentimita moja, vikiwa na doa jeupe ndani. Ukikikandamiza kwa kisu kinateleza kwenye kitundu chake, na kikipasuka hutoa maji. Usikichanganye na mafuta, ambayo yameshikana na nyama na hayana maji. Kwa ng'ombe vifuko huwa vichache, ndiyo maana ni rahisi kuvikosa.

Kutoviona si uthibitisho kuwa havipo. Kipande cha robo kilo ulichofungiwa kwenye gazeti hakikuambii habari za nguruwe mzima. Uliza mhuri wa mkaguzi, kisha pika kama swali la 9.

15. Wanunuzi wa nguruwe wanakagua ulimi. Inatosha?

Haitoshi, ila ina maana. Wanaoijua kazi humlaza nguruwe ubavu, mmoja anakalia bega, mwingine anapitisha kijiti kati ya taya, anauvuta ulimi kwa kitambaa kisiteleze, kisha anapitisha kidole gumba taratibu upande wa chini, kutoka kwenye mzizi hadi ncha. Vifuko vinahisiwa kama vipunje kabla ya kuonekana. Kelele anazopiga nguruwe hapo zinasikika hadi kijiji cha pili.

Njia hii huwanasa walioambukizwa sana. Mwenye vifuko vichache anapita. Wilayani Mbulu, mkoa jirani wa Manyara, watafiti walioangalia ndimi za nguruwe walikuta vifuko kwa takriban asilimia 17, na hao ni wale walioonekana tu.

16. Mkaguzi wa nyama yuko mbali, nasi tunachinja nyumbani. Tufanyeje?

Kisheria nyama ya kuuzwa inapaswa kukaguliwa kabla na baada ya kuchinja. Zungumzeni na afisa mifugo wa kata mkubaliane siku za kuchinja. Vijiji vilivyofanya hivyo vinachinja siku maalumu na afisa anafika kwa pikipiki mara moja kwa wote.

Pale isipowezekana, kwa nyama ya nyumbani, usianze kugawa kabla ya kuchana moyo, ulimi, misuli ya taya, bega na kiwambo. Chana kwa kisu kikali, mistari ya karibu karibu, mchana, si kwa taa ya simu.

17. Nyama ikikutwa na vifuko, siwezi kuipika sana nikala?

Moto wa kutosha unaua vifuko, hilo halina ubishi. Lakini nyama hiyo haipaswi kuuzwa wala kugawiwa, kwa sababu hujui nani ataichoma nusunusu, na mkaguzi akiikuta ataiondoa.

Tuseme ukweli mwingine. Mfugaji anayenyang'anywa nguruwe mzima bila fidia hujifunza jambo moja tu: kuchinja usiku. Mnunuzi akigundua ulimi mbaya hushusha bei, naye huipeleka nyama hiyohiyo mjini ambako hakuna aliyeuona ulimi. Kumlaumu mfugaji peke yake hakujawahi kupunguza vifuko. Kufungia nguruwe na kutumia choo ndiko kunakopunguza.

18. Mnyama amekufa mwenyewe. Tukichemsha sana kibudu, kuna shida?

Ipo, na hapa si habari ya minyoo tena. Mnyama aliyekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta, na anayeumia kwanza ni yule anayechuna, kabla sufuria halijafika motoni. Homa ya Bonde la Ufa nayo huambukiza kwa damu wakati wa kuchinja na kuchuna. Katika mlipuko wa 2006 hadi 2007, Dodoma ndio mkoa ulioathirika zaidi nchini. Usichune, usimpasue, mwite afisa mifugo, afukiwe.

## Kwa wafugaji wa nguruwe

19. Tukimfungia nguruwe mwaka mzima atakula nini? Na kuna dawa au chanjo?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye ukurasa huu, na anayelijibu kwa wepesi hajawahi kufuga huku. Wakati wa mvua watu huwafunga wasile mazao. Mavuno yakiisha wanawaachia, kwa sababu kiangazi cha Dodoma hakimpi mfugaji majani wala pumba za bure. Na ni kiangazi hichohicho watu wanajisaidia korongoni.

Kinachowezekana kwa wengi ni kupunguza idadi. Nguruwe wawili waliofungiwa na kulishwa pumba za mtama, mashudu ya alizeti na mabaki ya jikoni wana faida kuliko sita wanaozurura na kukosa bei. Banda liwe mbali na choo, na choo kiwe na mlango ambao nguruwe hawezi kuusukuma.

Dawa ipo: oksifendazoli, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, huua vifuko kwenye misuli. Mnyama hachinjwi mara moja. Afisa mifugo atakuambia usubiri muda gani. Chanjo nayo ipo, inaitwa TSOL18, na huhitaji dozi mbili. Vyote viwili humlinda nguruwe, lakini havimtoi tegu aliye tumboni mwa jirani.

## Dawa za binadamu

20. Watoto walipewa dawa za minyoo shuleni, nami nilinunua ya kwangu dukani. Tegu amekwisha?

Si lazima. Kidonge kimoja cha albendazoli kinachotolewa kwenye kampeni kimekusudiwa minyoo kama mchango na safura, na kwa tegu hakitegemewi. Dawa za tegu ni prazikwanteli au niklosamidi, zikitolewa kwa uzito na ushauri wa mhudumu wa afya. Prazikwanteli ndiyo inayotolewa shuleni kwa kichocho, kwa dozi kubwa kuliko ya tegu. Mzazi mwenye mtoto anayeanguka kifafa amwambie mwalimu au mhudumu kabla mtoto hajameza, kwa sababu ya lile onyo la swali la 8.

Mbegu za maboga zimetumika kwa tegu tangu zamani na zina uwezo fulani wa kumlegeza. Zitafune kama vitafunwa tu. Kama umeona vipande, nenda ukapate dawa.

Baada ya dawa, siku kadhaa zinazofuata tumia choo peke yake na unawe kwa sabuni, au kwa majivu sabuni ikikosekana. Kibuyu chirizi nje ya choo kinatumia maji kidogo sana, na kwa kijiji kinachonunua maji kwa ndoo hilo si jambo dogo.

## Hali za pekee

21. Mjamzito, au mtu anayeishi na VVU, ana tahadhari ya ziada?

Ndiyo, kwa sababu ya toksoplasma. Mtu mwenye afya huipata na huenda asijue. Mjamzito akiipata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, inaweza kumfikia mtoto na kudhuru macho na ubongo wake, au mimba ikatoka. Kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, inaweza kuamka na kushambulia ubongo. Septrini wanayopewa kliniki husaidia kuzuia hilo, hivyo isiachwe kiholela.

Kwa hawa wawili sheria ni moja: mishikaki na choma yenye wekundu si yao, iwe ya mbuzi, ng'ombe au nguruwe. Kuku naye aive kabisa. Kijidudu hiki hutoka pia kwenye kinyesi cha paka, kwa hiyo kusafisha alipojisaidia paka afanye mtu mwingine, na mikono inawiwe baada ya kushika udongo wa bustani.

22. Nyama ya ngiri au nguruwe pori ina shida ileile?

Ina nyingine. Trikinela ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayojikunja ndani ya misuli. Afrika Mashariki imekutwa kwa wanyamapori, wakiwemo wala nyama kama fisi na simba. Anayekula nyama yake isiyoiva huharisha, kisha baada ya wiki moja au zaidi hupata homa, uso kuvimba kuzunguka macho na misuli kuuma. Huwezi kuiona ukichana nyama, na usitegemee kukausha, moshi wala friza. Chemsha hadi ilegee. Kuwinda bila kibali ni kosa kisheria, na ndiyo maana nyama hii hailetwi kwa mkaguzi na huliwa harakaharaka; haraka hiyo ndiyo inayoiacha mbichi.

23. Jana nilikula choma, nikagundua ilikuwa na damu ndani. Nifanye nini leo?

Leo hakuna cha kufanya kuhusu tegu. Kutapika hakusaidii na hakuna kipimo kitakachoonyesha kitu wiki hii. Weka alama kwenye kalenda: miezi miwili hadi minne baada ya kula nyama hiyo angalia choo chako, ukiona vipande fuata swali la 3 na la 20. Ukiharisha sana au kupata homa ndani ya siku chache, hiyo yaweza kuwa bakteria au trikinela, nenda kituo cha afya na useme ulikula nyama gani na lini. Kama una mimba au unaishi na VVU, usisubiri dalili, mweleze mhudumu kwenye kliniki yako ijayo.